Ngozi Nne Chini ya Kotina

Fundi Clementi Magesa alikuwa na desturi moja iliyowakera wateja wenye haraka. Akimaliza kutengeneza gari, kabla hajapokea hata senti moja, alimwita mwenye gari pembeni na kumkabidhi kipuri kilichotolewa, kimefungwa kwenye gazeti.

"Hiki ndicho kilichokufa," alisema. "Kifungue, kikague."

Mteja akijibu kwamba hana haja, kwamba anamwamini, Clementi alilifungua gazeti mwenyewe. Alisema imani ni jambo la kanisani. Gereji ni mahali pa kuonyeshana.

Alizaliwa Butiama. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha akajifunza ufundi kwenye karakana ya kinu cha pamba huko Bunda, akianza kwa kuosha nati kwa mafuta ya taa. Mwaka 1968 alikuwa fundi mkuu wa gereji moja mjini Musoma, akiishi Kigera na mkewe Miriamu na binti yao Gati. Mwaka huo huo mhandisi mmoja mgeni wa kile kinu alifunga mizigo kurudi kwao, akauza gari lake: Kotina ya GT, nyeupe, milango miwili. Clementi alikuwa amelihudumia gari lile miaka mitatu. Alitoa akiba yake ya miaka kumi na mmoja akalinunua.

Watu walisema mengi. Nchi ilikuwa imeshatangaziwa njia yake ya ujamaa, na njia hiyo haikuwa ya fundi makenika kuendesha gari la mbio. Mimi pia si mtu wa kutetea anasa. Lakini kuna tofauti kati ya mali waliyonyang'anywa watu na mali iliyotoka kwenye mgongo wa mtu mwenyewe, na asiyeiona tofauti hiyo asisimame mbele za watu kufundisha usawa.

Agosti ya mwaka uliofuata, wapenda magari wa Mwanza waliandaa mbio ndogo: Mwanza, Bunda, Musoma, na kurudi siku ya pili. Clementi aliingia. Kwenye kiti cha kushoto alikaa Enoka Masatu, akiwa na ramani aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari.

Huyu Enoka si mtu wa kupita. Yeye na Clementi walitahiriwa siku moja, mwaka mmoja wa ukame, mmoja akisikia mwenzake anavyopumua. Kwa Wazanaki, kabila lao, mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu, maana ndugu hukumchagua wala hakukuona siku ile. Enoka alikuwa amehamia upande wa Bugwema kufuata malisho, na alikuwa mchungaji hodari, mcheshi, mwenye maneno.

Mpaka wanaipita Bunda walikuwa wa tatu. Halafu barabara ikageuka mawimbi ya vumbi gumu, yale yanayoachwa na malori ya pamba, na Kotina ikaanza kuruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Jani moja la springi ya nyuma likavunjika. Walifika Musoma wa kumi na moja kati ya magari kumi na manne, na safari ya kurudi hawakuianza.

"Injini ina mbio, miguu haina," Clementi alisema, akiwa amechuchumaa nyuma ya gari.

"Basi tulivishe viatu, mura," alijibu Enoka, kwa neno ambalo wanaume wa kwao huitana. "Mtu hachezi ngoma pekupeku kwenye mbigili."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakakaa barazani Kigera kupiga hesabu. Clementi alikuwa na orodha ya bei kutoka duka moja la vipuri la Kisumu. Enoka alitaka waanze na ringi.

"Ringi pana za kung'aa," alisema. "Watu wakiziona tu, hata hatujawasha gari, wameshashindwa."

"Ringi ni za macho. Barabara haina macho," Clementi alimjibu, na akaandika shokamzoba kwanza. Shokamzoba nne ngumu. Kisha springi: mbili za mbele, na majani ya kuongeza nguvu nyuma. Kisha ringi, nazo si nne bali tano, maana tairi la akiba lenye ringi nyembamba litakuadhiri siku ya pancha. Kisha matairi. Kisha vile vitu ambavyo mtu asiye fundi huvisahau na ndivyo vinavyomuua: bushi, nati ndefu zaidi za kushikia ringi nene, ushuru wa mpakani, nauli ya mzigo. Mwisho akaongeza fungu la kumi kwa ajili ya kile ambacho hata yeye alikuwa amekisahau. Jumla ikawa shilingi elfu tatu na mia sita.

Mshahara wake ulikuwa mia tatu na kumi. Baada ya chakula, ada na mchango wa kanisa, zilibaki arobaini.

Miriamu alikuwa akichambua dagaa mlangoni. "Arobaini kila mwezi," alisema, "hiyo ni miaka saba na nusu. Gati atakuwa anatafutiwa mchumba, na hilo gari litakuwa banda la kuku."

"Shemeji, wewe unakataga tamaa mapema," Enoka alisema. "Shilingi ukiiweka mkebeni haizai. Ng'ombe anazaa. Ninunulieni mitamba, nikae nao Bugwema kwa desturi yetu. Maziwa yangu, samadi yangu, na katika ndama watatu mmoja wangu. Miaka minne hii mnauza kumi na wawili, kila mmoja mia tatu. Piga hesabu."

Clementi alipiga. Kumi na wawili kwa mia tatu ilikuwa elfu tatu na mia sita, sawasawa mpaka senti ya mwisho. Nadhani ilikuwa sawasawa kupita kiasi, lakini mtu anayetamani kitu huiona hesabu kama hiyo kuwa baraka.

Alikuwa na mia nane za dharura, ambazo Miriamu hakuzihesabu. Mwezi wa Oktoba wakaenda mnadani Bunda, wakanunua mitamba wanne, na kila mmoja akakatwa pembetatu kwenye sikio la kulia, alama ya baba yake Clementi. Njiani wakawapa majina ya kitu ambacho kila mmoja alipaswa kukileta: Shoka, Springi, Ringi na Tairi. Springi alikuwa mwekundu, pembe yake ya kushoto imeinama kuelekea jicho. Chini ya orodha aliyoiandika barazani Clementi akaongeza majina ya ng'ombe, Enoka akaweka sahihi yake mbele ya neno Mpokeaji.

Sasa nieleze desturi yenyewe, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalipita humo. Ng'ombe akifa mikononi mwa aliyewekeshwa, mchungaji humletea mwenye mali ngozi, ikiwa na masikio yake, ili alama ionekane. Hiyo ndiyo stakabadhi. Mwenye mali akiikubali, neno limekwisha. Lakini kati ya watu wa rika moja kuna adabu nyingine juu ya hiyo: ngozi hupokelewa ikiwa imekunjwa na kufungwa. Kuifungua mbele ya aliyeileta ni kumwambia, "Nakudhania mwizi."

Ngozi ya kwanza ilikuja baada ya masika ya 1970. Enoka aliiteremsha kutoka kwenye baiskeli akaiweka miguuni pa Clementi.

"Ni Ringi," alisema. "Ndigana imemwua. Nilikuambiaga tuanze na ringi, sasa ona, ametangulia mwenyewe."

Walicheka, cheko la msibani. Clementi akaipokea ngozi, akampa Enoka pesa ya njiani, na jioni akalitoa daftari lenye nakala ya orodha, akapiga mstari kwenye neno ringi. Gari lingeenda na ringi zake za zamani. Haikuwa hasara kubwa. Ringi ni za macho.

Mwaka uliofuata ikaja ya Tairi, na ya Shoka miezi michache baadaye. Ndama nao, Enoka alisema, walikufa na mama zao. Clementi alifuta matairi mapya. Alifuta springi za mbele. Aliandika upya orodha nzima mara mbili, akibana hapa na pale, akijiuliza kama gari linaweza kuvumilia shokamzoba mpya juu ya bushi kuukuu, akijijibu kwamba linaweza kwa mwaka mmoja. Kila alipokwenda Bugwema wakati wa Krismasi, ng'ombe waliobaki walikuwa malishoni ng'ambo ya mto.

Ngozi ya nne, ya Springi, ilifika mwaka 1972. Enoka alipokwenda kisimani kunawa, Miriamu akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Gati, ifungue."

"Niifungue akiwa hapa?"

"Basi akishaondoka."

"Hapo ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Nitakuwa nimempekua kama askari."

"Shokamzoba ya mtumba unaibonyeza mara nne kabla hujauliza bei," alisema Miriamu. "Huyu hujambonyeza hata mara moja."

Clementi aliibeba ngozi kibandani ikiwa imefungwa. Baadaye, Enoka alipokwisha kuondoka, alizitandaza ngozi zote nne sakafuni kwenye kibanda cha gari, manyoya chini, bila kuyatazama, upande wa nyama juu, ili mgongo uteleze vizuri alipoingia uvunguni. Aliona kwamba hazikuwa na masikio. Kisu kilikuwa kimekatia shingoni. Akajiambia mchunaji alikuwa na haraka. Miaka miwili alilala chali juu ya ngozi zile, akikaza nati za gari ambalo zenyewe zilipaswa kulivisha.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini. Kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Bugwema kilikuwa na trekta bovu, na gereji ikamtuma Clementi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Enoka Masatu. Alimpokea kwa furaha, akamwekea ugali na sato, akamwacha na trekta, maana yeye alikuwa na shughuli za ofisi.

Siku ile ilikuwa ya kuogesha ng'ombe joshoni. Ng'ombe walipita karibu na trekta kundi baada ya kundi, na Clementi, mikono imejaa grisi, alikuwa akiwatazama kama mtu anavyotazama mvua. Kisha akapita ng'ombe mwekundu, mnene, pembe ya kushoto imeinama kuelekea jicho. Nyuma yake walimfuata ndama wakubwa wawili wekundu. Clementi aliweka spana chini. Akaenda mpaka kwenye uzio, akasubiri ng'ombe ageuze kichwa. Kwenye sikio la kulia kulikuwa na pembetatu.

"Huyu ni wa nani?" alimwuliza mchungaji.

"Wa kijiji. Mwenyekiti alimtoa zawadi kwenye zizi la wote, yeye na ndama wake. Alitupa mfano. Siku ile tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma."

"Na wengine wenye sikio kama hili?"

"Wale wa nyumbani kwa mwenyekiti? Wapo. Amejaliwa huyo bwana."

Clementi alimaliza trekta, kwa sababu alikuwa amelipwa kulimaliza. Alirudi Kigera bila kuaga. Akaisukuma Kotina nje ya kibanda, akazivuta ngozi moja moja mpaka uani, akazigeuza. Juu ya manyoya yaliyolika, kwenye paja la ngozi ya kwanza, kulikuwa na herufi za chuma cha moto, alama ambayo wachinjaji huwatia ng'ombe waliowanunua mnadani. Ya pili ilikuwa nazo. Ya tatu pia. Ya nne haikuwa na herufi, lakini ilikuwa nyeusi, na Springi alikuwa mwekundu.

Miriamu alikuja akasimama juu yake. Alizisoma herufi kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakusema nilikuambia. Aliingia ndani akamletea maji ya kunawa.

Clementi alipeleka madai yake kwenye mkutano wa kijiji kile. Alivaa suti aliyofungia ndoa, akabeba ngozi zote nne na ile karatasi yenye sahihi. Enoka aliondoka kwenye kiti chake cha mwenyekiti, akasema haifai mtu kuamua kesi yake mwenyewe, akamwachia katibu wa kijiji, Renatus. Watu walinong'ona kwamba hiyo ndiyo haki. Renatus alikuwa mtu aliyepewa ukatibu na Enoka.

Renatus akaichukua karatasi akaisoma kwa sauti kuanzia juu, ingawa kilichotakiwa kilikuwa chini.

"Shokamzoba ngumu, nne. Springi za mbele, mbili. Ringi pana, tano." Akatua. "Ndugu Clementi, hizi ringi ni za trekta?"

"Za gari dogo."

"Linabeba nini?"

"Linanibeba mimi." Watu walipocheka, akaongeza, "Na Enoka. Enoka alikuwa anakaa kushoto."

Kicheko kilipungua kidogo. Wachache walimtazama Enoka, naye alikuwa akipangusa vumbi kwenye kiatu.

"Soma chini," Clementi alisema. "Soma sahihi ya aliyepokea ng'ombe."

"Sahihi siikatai," Enoka alisema, akisimama. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya barazani. "Niliwapokea. Nawe, mura, nilikuletea ngozi, sikukuletea?"

"Ulileta."

"Ngapi?"

"Nne."

"Ulizipokea?"

"Nilizipokea."

"Siku hiyo ulisema si zenyewe?"

Clementi aliushika ukingo wa ngozi ya juu. "Sikuzifungua," alisema. "Unajua kwa nini sikuzifungua."

"Mimi najuaje?" alisema Enoka.

Nimesikia maneno mengi ya uongo katika maisha yangu, lakini sijui neno lililo baya kama hilo. Alijua. Kila mtu wa rika lao alijua. Adabu ile ile ambayo Clementi aliitunza ili asimvunjie heshima, ndiyo Enoka aliyoigeuza kamba ya kumfungia.

Clementi akazitandaza ngozi mbele ya watu, manyoya juu, akaonyesha herufi za moto. Mzee mmoja aliinama akazitazama, akamwuliza amekaa nazo muda gani. Clementi akasema, ya kwanza, miaka minne sasa.

"Miaka minne iko nyumbani kwako haisemi, leo ndiyo imeanza kusema?"

"Ng'ombe yuko hai," alisema Clementi. "Yuko pale zizini. Nendeni mkamwangalie sikio."

"Kwa mila," alisema Renatus, "ngozi ikipokelewa, ng'ombe amekufa. Kama amefufuka, amefufukia kijijini." Safari hii walicheka wote, hata wale waliokuwa wameacha. Kisha akasema kijiji hakiwezi kutoa ng'ombe wa watu wote ili mtu mmoja anunue ringi, akafunga daftari.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Wizi ulikuwa umevaa nguo mbili, moja ya mila na nyingine ya ujamaa, na yote mawili, mila na ujamaa, ni mambo mema. Ndiyo sababu haukutambulikana. Mwizi wa kawaida huvunja mlango. Yule aliye mbaya zaidi huutumia mlango ule ule uliouacha wazi kwa ajili yake.

Clementi alibeba ngozi zake akarudi. Hakuzitandaza tena, alizichoma. Mwaka uliofuata, kwa zile arobaini za kila mwezi, alinunua shokamzoba mbili tu, za mbele. Gari lilitulia mbele, likaendelea kuruka nyuma, na mbio za Agosti hakuziingia tena. Kiti cha kushoto alikifungua nati zake akakitoa. Miriamu alipopanda, alikaa nyuma. Clementi alipoulizwa na watu, alisema hapo mbele panawekwa mizigo.

Mwaka 1976 trekta la kijiji kile likafa tena, na gereji haikuwa na fundi mwingine. Clementi alikwenda. Pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Alifanya kazi tangu asubuhi hadi saa tisa, akaweka nyingine, akaliwasha, watu wakakusanyika kulisikiliza linavyonguruma. Mwenyekiti Enoka akaja na bahasha ya malipo.

Clementi hakuipokea. Alichukua kitu kilichofungwa kwenye gazeti akamnyooshea.

"Hiki ndicho kilichokufa, mwenyekiti. Kifungue, kikague."

"Ah, mura," Enoka alisema. "Wewe tena? Mimi nakuamini."

Clementi alilifungua gazeti mwenyewe, akaiweka pampu kwenye viganja vya Enoka, nzito, inavuja maji meusi kwenye mikono ya shati lake.

"Igeuze," alisema.

Watu walikuwa wamesogea karibu. Wengi wao walikuwepo siku ile ya mkutano. Enoka aliitazama pampu, akawatazama, akaigeuza.

"Uangalie na upande wa pili," alisema Clementi, "ili usije ukasema hukuonyeshwa." Kisha akaipokea bahasha, akahesabu noti zote mbele yake, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha, akaingia kwenye Kotina, akaondoka.